Bastola ya Mzee Abrahamu

Sehemu ya Sita

Hakuna mwana wa mtu, kuanzia Mombo mpaka Mlalo, anayeweza kumuuzia Twaha kitu cha Mjerumani cha bandia.

Hayo si maneno yangu, ni yake. Ameyasema stendi, ameyasema kwa kinyozi, ameyasema msibani mpaka akanyamazishwa. Kwenye kibanda chake cha vitu vya kale pale Lushoto mjini ana bawaba za milango ya Mjerumani, chupa za Mjerumani, sarafu za heleri za Mjerumani zenye tundu katikati, na kufuli moja ambalo hata huyo Mjerumani akifufuka hawezi kulifungua.

"Mimi nikikinusa chuma," husema akijigonga pua, "nakutajia mwaka."

Basi iangalieni vizuri hiyo pua, maana leo tutaihitaji.

Wiki iliyopita tulimwacha kwenye sebule ya Mzee Abrahamu, kule Magamba msitu unapoanzia. Saa nne asubuhi, ukungu mlangoni, bastola ya vita mkononi, kibali hana. Na mlango ukawa unagongwa kwa ngumi.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Fungueni!"

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Twaha aliikalia bastola.

"Mzee," alinong'ona, "una mlango wa nyuma?"

"Ninao," alijibu Mzee Abrahamu, akapuliza chai yake. "Lakini komeo limekwama tangu Pasaka."

Kwenye kona, karibu na dirisha, Sesilia binti wa mzee alikuwa anamenya viazi. Ni mama wa makamo, maneno machache, macho mengi. Aliweka kisu chini, akaenda kufungua.

Aliyeingia hakuwa askari. Alikuwa Valentino.

Valentino huyu mnamjua, na kama ndiyo kwanza unaanza kusoma leo, mjue: rafiki wa Twaha tangu kidato cha kwanza. Walikaa dawati moja, wakachapwa kwa kosa moja. Baba yake Twaha alipofariki, Valentino alibeba jeneza mbele kabisa, na viatu vyake vya Krismasi vikaharibikia kwenye tope la makaburini.

"Nyie vipi, mmejifungia kama bi harusi?" Valentino alivuta stuli, akaketi. "Na wewe mbona umekaa kama kuku anayetaga?"

"Nusura uniue! Nilijua askari."

"Askari gani apande mpaka huku na baridi hii? Toa mzigo tuuone."

Twaha akainuka, akautoa. Ulikuwa umeshapata joto.

Mzee Abrahamu alimtazama mgeni kuanzia viatuni. "Ndiye huyu mwenzio uliyesema anakuja?"

"Ndiye, mzee. Anaitwa Valentino. Yeye ndiye mwenye yule mteja."

"Karibu, kijana. Sura yako ngeni huku."

"Ndiyo mara ya kwanza kufika, mzee. Nimeuliza njia mpaka nimechoka."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye chai yake. Mpole kabisa. Na huyu, wasomaji, ni yule yule mzee ambaye nusu saa kabla ya hapo alimtoa Twaha nje! Kosa lake? Aliingia akasema shikamoo huku macho yako kwenye saa ya ukutani. "Umemwamkia nani, mimi au hiyo saa?" mzee alifoka. "Toka, uingie upya." Twaha alitoka, akaingia upya, akaamkia tena mikono ikiwa mbele kama anapokea cheti.

Lakini tusipoteze muda kwa adabu. Bastola iko mezani.

Ilikuwa nzito. Mtutu mwembamba, mpini wa mti mweusi, na juu ya chuma kutu ya kahawia yenye madoa ya kijani kama ya birika la bibi. Pembeni palichongwa herufi mbili na kitu mfano wa taji.

"Babu yangu alikuwa mpagazi wa vita," mzee alisimulia. "Bwana wake ofisa aliugua homa wakati wanakimbia Waingereza. Akamwachia hii, akamwambia nitairudia. Mpaka leo."

"Na mjukuu wa huyo ofisa ndiye huyu Bwana Kurti," Valentino akadakia. "Yuko hotelini hapo chini, anaondoka leo saa kumi. Twaha, anaitafuta bastola hii tangu mwaka juzi. Atakupa hela ya kununua mabonde matatu. Utatoka kwenye kile kibanda ufungue makumbusho yako, bango mpaka barabarani!"

Twaha aliliona hilo bango. Aliona mpaka rangi yake.

"Na sheria?" aliuliza. "Bastola bila kibali ni jela, Vale. Siyo mchezo."

"Bastola inayopiga. Hii ukiivuta triga inakohoa?"

Twaha akavuta. Haikukohoa.

"Hiyo ni kumbukumbu," mzee alisema, "kama picha ya ukutani."

"Picha haifungwi miaka, mzee."

"Basi iache. Nimekaa nayo uzee wangu wote, siwezi kushindwa kukaa nayo mpaka jioni."

Kuambiwa aiache ndiko kulikommaliza. Twaha aliichukua, akaisogeza usoni, akafumba macho. Akainusa! Wasomaji, mtu mzima mwenye ndevu aliinusa bastola mbele za watu.

"Elfu moja mia tisa na nane," alitangaza.

"Nilijua wewe utaitambua," mzee akasema kwa heshima kubwa, na Sesilia kule kwenye kona akakata kiazi vipande viwili kwa kishindo.

Ilibaki bei. Na bei ndiyo iliyomkosesha Twaha usingizi wiki nzima, maana Mzee Abrahamu hakutaka pesa.

"Pesa nitaipeleka wapi na umri huu? Nataka lile bonde lenu la Lukozi. Lile ambalo kiangazi wenzenu wananawa vumbi, lenyewe kabichi zinapasuka kwa maji."

Bonde la Lukozi! Marehemu baba yao aliliacha kwa watoto wawili, Twaha na dada yake Rukia. Twaha analijua kwa kulipita. Rukia analijua kwa magoti. Ni mjane, ana watoto watatu shuleni, na kila daftari la watoto hao limetoka kwenye lile tope.

"Nimpigie dada," alisema Twaha.

Mtandao Magamba unataka uubembeleze. Alitoka, akazunguka nyumba, akapanda jiwe lililokuwa chini ya dirisha, simu juu kama anatafuta mwezi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Sema upesi, nina zamu ya maji."

"Dada, lile bonde letu. Tukilibadilisha na kitu?"

"Kitu gani? Bonde jingine?"

"Ni kidogo kuliko bonde. Lakini kizito."

"Twaha."

"Ni bastola, dada. Ya Mjerumani."

Maji yalisikika kwenye simu yakipita mferejini.

"Tutaipanda?" Rukia aliuliza. "Inapaliliwa mara ngapi? Ikikomaa inatoa magunia mangapi?"

"Dada, kuna Mzungu yuko hapo hotelini…"

"Baba alituachia wawili. Jina lako na jina langu. La kwako likisema ndiyo, la kwangu linasema hapana. Mwambie na huyo Mzungu wako."

Halafu akahamia Kishambaa, na dada yake akishahamia Kishambaa ujue Kiswahili kimeshindwa kubeba hasira. Simu ikakatwa.

Twaha alibaki juu ya jiwe. Hapo, wasomaji, ndipo mtu anapoamua. Angeweza kushuka, kurudi ndani, kusema wazee samahani, dada hataki. Chai angekunywa, nyumbani angerudi, kesho angesimulia kinyozi jinsi alivyonusurika.

Lakini lile bango! Twaha alipiga hesabu ya haraka: bastola kwa Mzungu, hela mkononi kabla ya jua kuzama, bonde jingine kubwa zaidi kesho asubuhi, na dada atacheka mwenyewe.

Akaingia ndani.

"Dada hana neno," alisema.

Hana neno! Dada aliyekuwa na maneno mpaka simu ikapata moto!

Karatasi ya makubaliano Valentino alikuwa nayo mfukoni, imeshapigwa chapa. Twaha alimwona rafiki yake kuwa mtu wa mipango. Ikajazwa, saini zikatiwa, twende mbele, safari bado ndefu.

"Wewe wahi kwa Mzungu," Valentino alimwambia. "Mimi nitamsindikiza mzee Lukozi kwa mwenyekiti wa kijiji, wagonge muhuri kabla hajageuza mawazo."

"Ndugu yangu wewe." Twaha alimkumbatia. "Sijui nikulipe nini."

"Acha hizo. Kimbia."

Sesilia ndiye aliyemfungia bastola kwenye kiroba, akaweka kabichi mbili juu yake. Mlangoni alimzuia kidogo.

"Kaka, ulichokifanya hapo mezani una uhakika nacho?"

"Dada, hizi biashara mtuachie sisi."

"Haya," alisema Sesilia, akampisha.

Pikipiki ya Dotto wa bodaboda ilimtelemsha Twaha mpaka kwenye geti la hoteli huku manyunyu yakianza. Getini alisimama mlinzi mzee, koti la mvua mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kabichi ni mlango wa jikoni."

"Sijaleta kabichi. Nimekuja kwa mgeni wenu, Mjerumani, Bwana Kurti."

Mlinzi alikuna kidevu. "Kurti? Tulio nao ni kina mama wawili wa Kiholanzi, wamekwenda msituni kutazama vinyonga. Mjerumani wa mwisho alikuwa mwezi wa tatu, na alikuwa mpishi."

"Babu, angalia vizuri. Anaondoka leo."

"Mwanangu, geti hili ni moja na macho haya ni mawili. Hakuna Kurti aliyepita."

Namba ya Bwana Kurti aliyopewa na Valentino haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Akaandika ujumbe, ukabaki na alama moja.

Aliketi kwenye jiwe chini ya mti, akakipakata kiroba kama mgonjwa. Mvua ilikuwa imepenya kwenye kabichi mpaka chini. Akaitoa bastola, akaifuta kwa leso isije ikaongeza kutu.

Leso ikawa ya bluu.

Akafuta tena. Bluu. Bluu kali, ya kung'aa, imejikusanya kwenye kona za chuma kama uji uliokauka.

Mtoto yeyote aliyekulia kwenye nyanya za Usambara anaijua bluu ile kabla hajajua kusoma. Imo kwenye mashati ya baba zetu, imo kwenye kucha za mama zetu, imo kwenye kila ndoo ambayo ulikatazwa kunywea maji. Mrututu! Dawa ya kupulizia nyanya! Ukikiloweka chuma kipya kwenye mrututu wiki moja, kinatoka kimezeeka kuliko babu yako.

Twaha alisugua kwa nguvu zote. Chini ya kutu palitokea bomba la maji, jipya, linametameta. Herufi zilipigwa kwa msumari. Na triga, ile triga isiyokohoa, ilikuwa kipande cha bawaba ya geti, kimechomelewa juzi.

Bawaba! Kwake yeye muuza bawaba!

Hapo ndipo ile pua ilipofanya kazi. Aliinusa leso, akasikia harufu ya nyanya za baba yake.

"Mzee tapeli!" alipiga kelele. "Na Valentino yuko naye peke yake!"

Alimpigia rafiki yake amwokoe. Simu iliita, haikupokelewa. Akapiga mara ya pili, mara ya nne. Mlinzi alipita mbele yake na mwavuli, na Twaha, kwa kuchanganyikiwa, akasema, "Shikamoo, babu."

Mlinzi akacheka. "Si umeshaniamkia pale getini? Moja inatosha kwa siku nzima, kijana. Nyingine sina pa kuiweka."

Mlinzi akaenda zake. Twaha hakwenda popote.

Moja inatosha kwa siku nzima.

Valentino aliingia kwa Mzee Abrahamu, akavuta stuli, akaketi. Hakuamkia.

Hakumwamkia mzee anayetoa watu nje kwa shikamoo iliyokwenda upande! Na mzee hakufoka. Hakukunja hata uso. Alisema karibu, kijana.

Kwa nini mzee wa namna ile asidai shikamoo yake kwa mgeni?

Kwa sababu alikuwa ameshapewa. Asubuhi ile ile. Mapema kabla ya Twaha kufika.

Twaha alikaa pale mvua ikimwingia shingoni. Akakumbuka viatu vya Krismasi kwenye tope la makaburi. Hasira ilikuwa bado njiani.

"Dotto!" aliita. "Washa! Lukozi!"

Bondeni Lukozi mvua ilikuwa imekatika. Rukia alisimama mferejini, miguu mitupu, jembe mkononi. Mwenyekiti Hamisi alikuwa na faili kwapani. Mzee Abrahamu alikalia ndoo iliyopinduliwa, Sesilia amemshikia mwavuli. Na katikati ya kabichi, mtu mmoja alikuwa anahesabu hatua za kupima shamba, anaruka matuta kama yake.

"Valentino!"

"Aa, Twaha. Mzungu anasemaje?"

"Mzee Abrahamu ni nani wako?"

Valentino alisimama. Alitazama kiroba, akatazama leso ya bluu iliyoning'inia mfukoni kwa Twaha. Akaona hakuna haja ya kuficha.

"Mjomba," alisema.

"Ulilala kwake jana. Asubuhi mkaamkiana. Ndiyo maana ulipokuja hukumwamkia."

Mzee Abrahamu alifumba macho. "Nilikwambia, Vale," alimnong'oneza mpwa wake, na mnong'ono wa mzee yule ulisikika bonde zima. "Nilikwambia uniamkie tena. Ukasema haina maana."

"Miaka kumi na tano tunakula sahani moja!" Twaha alisogea mpaka pumzi zikagongana. "Ulimbeba baba yangu begani! Kwa nini?"

"Kwa nini?" Valentino hakurudi nyuma. "Kila mwaka nakuomba unikodishie robo tu ya bonde hili. Robo! Kila mwaka unanijibu, dada hataki. Nikasema sawa, dada hataki. Leo nimeleta bomba la maji limefungwa bawaba. Mbona dada alitaka?"

Rukia aligeuka. "Dada yupi huyo aliyetaka?"

"Nakwenda polisi," alisema Twaha.

"Nenda. Waambie ulikwenda kununua bastola bila kibali."

"Hii siyo bastola!"

"Basi waambie ulinunua bomba na bawaba kwa hiari yako. Saini yako hii hapa."

Dotto kule juu ya pikipiki akacheka, akajifanya anakohoa.

"Tulieni," Mwenyekiti Hamisi alisema. Alifungua faili, akaitoa karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wasiopenda kuvaa miwani. "Twaha, saini hii ya kwanza ni yako?"

"Ni yangu, mwenyekiti."

"Na hii ya pili? Bi Rukia, hili ni jina lako. Uliandika wewe?"

Rukia alijifuta mikono kwenye kanga, akaja, akalisoma jina lake. Akalisoma tena.

"Mimi leo sijashika kalamu," alisema. "Tangu alfajiri nimeshika jembe."

"Kama siyo yake, karatasi hii haifai hata kufungia njugu. Bonde linabaki kwenu." Mwenyekiti aliivua miwani aliyokuwa hajaivaa. "Ila aliyeandika jina la mtu mwingine ana kesi. Na hiyo siyo ya kumalizia hapa, nitaipeleka mbele. Nani ameandika?"

Mnaona mlango uliofunguka? Twaha aliuona. Bonde limepona, adui yuko mbele yake, na hapakuwa na mtu wa kumtetea adui huyo.

"Huyu hapa!" alimnyooshea Valentino kidole. "Ameandika yeye!"

"Mimi?" Valentino alitoa macho.

"Nilimwambia, dada yangu amekataa, sithubutu! Akaninyang'anya karatasi. Nikamshika mkono hivi, tukavutana, meza ikayumba, chai ya mzee ikamwagika yote chini! Nikasema, Vale, usiliandike jina la dada yangu, nina dada mmoja tu duniani! Akaliandika huku namwona!"

Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mikono ilivutana hewani, sauti ilipanda, ikashuka, ikalia kidogo mahali pa kulia.

"Mwongo!" Valentino alifoka. "Mwenyekiti, anadanganya, naapa!"

"Kwa mambo yako ya leo, Valentino," alisema mwenyekiti taratibu, "nani akuamini?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Valentino alikuwa anasema kweli, na haikumsaidia kitu.

Rukia alimkaribia mdogo wake, akamwekea mkono wenye tope begani.

"Nami nilikuwa nimeshakukasirikia moyoni," alisema. "Nilipoona hili jina nikasema, Twaha amenigeuka. Nisamehe, baba."

"Hapana neno, dada," alisema Twaha, akatazama chini.

Mwavuli ukafungwa.

"Mwenyekiti," Sesilia alisema, "naomba nizungumze."

"Nyamaza, binti," alisema Mzee Abrahamu.

"Nimenyamaza tangu asubuhi, baba. Imetosha." Alimgeukia Rukia, si mwenyekiti. "Mama, chuma kile kimelowekwa kwenye ndoo yangu ya mrututu wiki nzima. Baba na Valentino walipanga, nilisikia, nikaogopa kusema. Hilo ni la kwetu na tutalijibu. Lakini chai haikumwagika. Niliimimina mimi, na vikombe nimeviosha mimi."

Twaha alihisi mkono wa dada yake bado uko begani.

"Huyu mdogo wako alikupigia simu akiwa juu ya jiwe, chini ya dirisha langu. Nilikusikia ukikataa mpaka mwisho. Akaingia, akasema dada hana neno. Akaandika jina lake. Halafu hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyemsukuma. Akaigeuza karatasi kidogo, akaandika na la kwako. Polepole, akiulaza mwandiko upande wa pili ili usifanane na wa kwanza."

Ndiyo, wasomaji. Ile karatasi niliyowapitisheni mbio ilikuwa na mstari wa pili. Twaha hakupenda niutaje, nami nikadhani mmenya viazi hatazami.

Mkono ukaondoka begani.

"Dada," alisema Twaha. "Nilitaka nikununulie bonde kubwa zaidi. Nilitaka…"

"Mimi nilikuwa nakwambia hapana," alisema Rukia. Hakupandisha sauti, na hakuhamia Kishambaa. "Nakwambia hapana, kumbe unakwenda kuniandikia ndiyo."

Hata Valentino hakucheka.

Mwenyekiti Hamisi alikohoa, akafungua ukurasa mpya kwenye faili. "Basi lazima niandike. Nianze na nani? Huyu Valentino?"

"Valentino hakuzaliwa kwetu," alisema Rukia. "Anza na Twaha."

Akanyoosha mkono wake wenye tope mbele ya mwenyekiti.

"Na ukimaliza nipe hiyo kalamu. Hii nitaitia saini mwenyewe."